Msaidizi wa Printa

"Umeshachomoa intaneti?" mdogo wake aliuliza kwenye simu.

"Nimechomoa."

"Haya. Fungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Nisomee moja moja, usiruke."

Dada mtu alisogeza kiti. Kazi yake ilikuwa kuchapa. Watu walimtumia mikutano iliyorekodiwa, naye akaigeuza maandishi, kutwa yuko na kompyuta ile karibu na dirisha. Mteja wake mkubwa alikuwa ametoa onyo: kuna programu za kijasusi zimezagaa, kila anayechapia nyumbani apekue mashine yake. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amechoka tu, anataka amalize.

Alisoma. Mdogo mtu akaitikia "hiyo sawa," "hiyo iache," mpaka wakafika kwenye Msaidizi wa Printa.

"Dada, mna printa?"

"Tangu lini?"

"Basi huyo anamsaidia nani?"

Walicheka kidogo. Kisha mdogo mtu akamwelekeza pa kubofya, na ukurasa wa kijivu ukafunguka. Kila alichogonga kwenye kibodi kwa miezi kadhaa kilikuwa humo, mstari kwa mstari, mpaka maneno aliyoyafuta.

"Inatuma wapi?"

Chini ya ukurasa palikuwa na anwani ya barua pepe. Anwani ile aliifungua yeye mwenyewe, enzi za uchumba, kwa ajili ya mumewe, fundi wa lifti ambaye wakati huo hakujua barua pepe ni kitu gani.

"Dada, upo?"

"Nipo. Nitakupigia."

Ujumbe ukaingia papo hapo: "Ni shemeji, eti? Usifute kitu, piga picha kwanza. Na usimpige na kibodi, utaihitaji."

Mumewe alirudi jua bado lipo. Siku hizi alikuwa anarudi mapema. Alivua viatu mlangoni, hakupiga mluzi, akamletea mkewe glasi ya maji bila kuombwa. Alikuwa amegeuka mume mpya. Hata mto wa mgongo alimnunulia kabla hajalalamika. Na mke alikuwa ameanza kumpenda upya, polepole, kama mtu anayejaribu kukanyagia mguu uliovunjika.

"Mto wa mgongo," alisema. "Ulijuaje?"

"Nilikuona unavyokaa."

"Na mluzi? Uliacha mwenyewe?"

Fundi akaiona skrini. Glasi akaiweka mezani taratibu.

"Mke wangu..."

"Nilimwandikia mdogo wangu kwamba mluzi wako utaniua. Ulipoacha nikadhani Mungu kanisikia. Kumbe ni wewe."

"Nilitaka kujua kama kuna mtu."

"Ukamkuta?"

"Hapana."

"Mbona hukuiondoa?"

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kochi. "Nilikuta lile uliloandika ukafuta. 'Nimechoka naye, nataka kuondoka.' Hukulituma. Sasa neno ambalo mtu hakulisema, unalijibu vipi? Nikaanza kurekebisha. Lifti ikikwama husubiri ikueleze, unafungua unatazama ndani."

"Mimi si lifti."

"Najua."

"Hujui. Ungesubiri, ningekuambia."

"Lini? Tulikuwa tunaongea habari za gesi na funguo tu."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ukamchosha zaidi.

"Mimi nilijisemea, baada ya miaka yote hii, mtu huyu amenijua bila kumwambia," alisema. "Nilijisikia vizuri, baba. Hicho ndicho ulichoniibia."

"Lakini yale niliyafanya mimi. Kwa mikono yangu."

"Uliyafanya. Ndiyo maana bado tunaongea."

Alipiga picha za skrini kwa simu, akaiondoa ile programu, kisha akaanzisha ukaguzi wa kompyuta nzima. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

"Nikusaidie kubadilisha maneno ya siri?"

"Usiguse. Na hayabadilishwi kabla kompyuta haijasafishika, vinginevyo nitakuwa nakukabidhi mapya."

Fundi aliinamisha kichwa. Mkewe akaendelea kutazama mstari ule.

"Sasa nitajuaje kinachokuuma?"

"Uniulize. Kwa mdomo."

Fundi hakuwa mtu wa maneno. Kazini aliongea na nyaya. Alisugua viganja, akafumbua mdomo, akaufumba. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu anayegonga mlango wa ofisi:

"Unataka kuondoka?"

Haikuwahi kutokea amuulize. Mke alimtazama usoni, akatafuta jibu moyoni kwa uaminifu kabisa.

"Leo nimechoka hata kwa kuondoka," alisema. "Niulize tena kesho."

Ukaguzi ulikuwa haujafika nusu. Aliiacha kompyuta ijipekue yenyewe, akainuka kwenda kujinyoosha. Maneno ya siri yote yalikuwa bado.