Bendera ya Behewa Namba 61

Asubuhi ya tatu bendera ya buluu ilikuwa imetundikwa tena kwenye behewa namba 61, na Naone, fundi wa breki katika karakana ya reli pale kisiwani Oahu, akawauliza wenzake wote nani yuko chini. Hakuna aliyekuwa chini. Behewa lilikuja kwa meli pamoja na mengine arobaini, kutoka reli nyembamba iliyofungwa huko jangwani bara. Jeshi la majini liliyanunua yabebe mabomu ya vita, na kwa mara hii moja jina la jeshi lilisema kweli.

Kwa watu wa reli, bendera ya buluu ina maana moja: kuna mtu chini, usisogeze. Na haiondolewi ila na mkono ulioitundika.

Chini ya 61 nyundo ililia, ngo, ngo, ngo. Palinuka vumbi kavu na majani machungu yasiyoota kisiwani.

Luteni Pruitt, aliyeletwa na vita pamoja na mafaili yake, alipekua orodha ya vitu vilivyopokewa. Mabehewa, yapo. Bendera, haipo. Akaamua kwamba kisichoandikwa hakikufika, akaichomoa, akafutia viatu. Behewa liondoke saa sita. Breki zimeshika, Naone aingie akazilegeze.

"Huyo wa chini naye hakuandikwa," Tavares, msimamizi wao, alinong'ona. "Kaja bila nauli." Lakini hakucheka.

Naone alipapasa mfukoni chumvi ya kinga aliyopewa na shangazi yake Kapeka, akakumbuka onyo lake: aliyekufa akikuuliza, usimdanganye, ukimdanganya hutoki. Akatundika bendera yake mwenyewe, akalala chali, akajiburuta ndani, na giza la chuma likamfunika, na ile harufu ya jangwa ikamjaa puani, na pembeni yake, pale ambapo hapakuwa na nafasi hata ya paka, mtu akavuta pumzi polepole, kama aliyekandamizwa kifua miaka mingi, kisha mkono wa baridi ukamshika kwapani.

"Nani aliondoa yangu?"

Naone alikusudia kunyamaza. Pruitt alimwita boi miezi mitatu mizima, lakini naye alizaliwa na mama. Ndipo gurudumu lililokuwa karibu na shingo yake likasogea inchi moja, kuelekea mlimani, upande aliolaza shingo.

"Pruitt," akasema. "Luteni Pruitt."

Breki ikaachia yenyewe. Naone alipotoka na kutungua bendera yake, luteni alikuwa akitazama saa yake, ameridhika. Saa sita 61 likaondoka, jepesi kama kikapu kitupu.

Kesho yake bendera ya buluu ilining'inia mlangoni mwa ofisi ya Pruitt. Ofisi yenyewe imesimama juu ya vigingi, na chini ya sakafu nyundo ililia, ngo, ngo, ngo.

"Naone." Sauti ilitoka ndani, ya mtu aliyekesha amesimama juu ya meza. "Iondoe hiyo. Tafadhali, kaka."

Naone alivua kofia.

"Siwezi, bwana. Sikuitundika mimi."