Mwanya wa Tunu Haufungwi

Haya, watoto, leo tunaanza na meno. Nionyesheni! Ya juu. Ya chini. Na lile linalocheza. Vizuri. Sasa nipeni masikio.

Muheza, mji wa machungwa, palikuwa na msichana wa darasa la pili. Jina lake Tunu.

Tunu alikuwa na mwanya. Ulikuwa mbele, juu, katikati kabisa, kati ya meno mawili makubwa.

Siku mwanya ulipotokea, bibi yake alipiga vigelegele. Lililililili!

Majirani wakaja mbio. "Kuna harusi?"

"Harusi ya nini! Mjukuu wangu ana mwanya!"

Shangazi naye akaja. Akautazama. Akashika kiuno. "Jamani! Kuna watu wamependelewa dunia hii!"

Na Tunu alijua kuutumia mwanya wake. Akipuliza, unapiga mluzi. Fyuuu! Akinywa maji, anayarusha mpaka kwa kuku. Fyuuu! Kuku, mbio!

Sasa, karibu na shule palikuwa na zahanati. Siku moja zahanati ilipakwa rangi nyeupe. Nyeupe pee!

"Ukuta wa mbele utachorwa tabasamu," alisema Mwalimu Nasra. "Tabasamu zuri kuliko yote ya darasa letu. Daktari wa meno atachagua."

Tunu alitaka tabasamu hilo liwe lake.

Asubuhi alipiga mswaki. Juu, chini. Swa, swa, swa. Mwanya nao akaupigia mswaki, usije ukanuna.

Watoto wakapanga mstari mbele ya zahanati. Fundi Chande, mchoraji, alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Kina mama waliokuja kupimisha watoto wachanga walikaa kwenye benchi, wakitazama.

Daktari akaja. Koti jeupe. Viatu vyeusi. Ko, ko, ko. Jina lake Daktari Mbelwa.

Mkononi alishika rula. Rula ndogo! Ndogo kama kijiti cha aiskrimu.

Wa kwanza alikuwa Pili. "Haya, tabasamu," alisema Daktari.

Pili akatabasamu. Rula ikaingia. Tik!

"Mmh-mmh," alisema Daktari. "Jino limeinama. Nusu milimita."

Watoto wakamkodolea macho Pili. Wapi? Jino lipi?

"Mbona mimi silioni?" aliuliza mama mmoja kwenye benchi.

"Mimi naliona," alisema Daktari. "Anayefuata!"

Akafuata Shebe. Rula ikaingia. Tik!

"Mmh-mmh. Fizi zinaonekana mno. Halafu huku nyuma kuna tundu. Linauma?"

"Linauma sana nikila ubuyu," alisema Shebe.

"Linaoza hilo. Nitaliziba leo. Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Tunu.

Tunu akafuta midomo. Akatabasamu tabasamu lake lote, bila kubakiza hata kidogo.

Benchi zima likapiga kelele. "Waaa! Tazameni mwanya!"

"Huyu ametunukiwa huyu!"

Rula ikaingia. Tik!

"Mmh-mmh-mmh," alisema Daktari.

Heee! Wenzake walipewa mmh mbili. Tunu akapewa tatu!

"Kuna nafasi hapa," alisema Daktari. "Milimita tatu. Hapana, haifai. Ukikua kidogo nitakuvalisha waya. Tutaufunga."

Kuufunga?

Pua ya Tunu ikatutumka. Masikio yakapata moto. Akashika kiuno kama shangazi yake.

"Mwanya wangu si duka!
Haufungwi!"

"Hata mchana wa Ijumaa, maduka yakifungwa?" aliuliza Shebe.

"Hata Ijumaa!"

"Tunu!" alisema Mwalimu Nasra. "Adabu!"

Adabu Tunu alikuwa nayo. Akapiga goti. "Shikamoo, Daktari."

"Marahaba."

Tunu akasimama. Akashika kiuno tena.

"Mwanya wangu si duka!
Haufungwi!"

Daktari akaendelea kupima. Tik! Meno mafupi. Tik! Meno marefu. Tik! Tabasamu limekwenda upande.

Alimaliza darasa zima. Hakuna aliyepita. Hata mmoja!

"Sasa mimi nichore nini?" aliuliza Fundi Chande kule juu. "Rangi inakauka!"

"Usijali, fundi," alisema Daktari. Akafungua mkoba wake. Akatoa meno.

Ndiyo, meno! Meno ya plasta. Meupe, yamenyooka, yamelingana.

"Ya nani hayo?" aliuliza Pili.

"Si ya mtu. Nimeyatengeneza mwenyewe. Hili ndilo tabasamu zuri. Chora haya, fundi."

Watoto wakayatazama. Meno hayakuwa na midomo. Hayakuwa na mashavu. Hayakuwa na macho. Yalikuwa meno tu, yamekaa kwenye kiganja cha mtu!

Daktari akayafungua na kuyafunga, wote waone. Kwa! Kwa! Kwa!

Mtoto mchanga kwenye benchi akayaona. Akakunja uso. Akavuta pumzi.

"UWAAAAA!"

"Yaondoe hayo, Daktari!" alisema mama yake. "Mwanangu leo atalala kweli?"

Tunu akasogea kwenye benchi. Akainama. Akatabasamu na mwanya wake. Fyuuu!

Mtoto akanyamaza. Akautazama mwanya. Akanyoosha kidole, akaugusa.

Keh! Keh keh keh keh!

Benchi zima nalo likacheka. Hata ngazi ya Fundi Chande ilitikisika.

Daktari hakucheka. "Mtoto mchanga hajui vipimo," alisema. "Fundi, chora ya plasta."

Ala! Sasa Tunu alikasirika mpaka akawa mpole. Mnaijua hasira ya namna hiyo? Ile ya sauti ndogo?

"Daktari," alisema taratibu, "tundu la Shebe linauma. Mwanya wangu je, unauma?"

Daktari akamulika kwa tochi. "Hauumi."

"Unaoza?"

"Hauozi."

"Unanuka?"

Daktari akanusa. "Unanuka dawa ya meno."

"Nikila muhogo, unanizuia?"

"Haukuzuii."

"Kwa hiyo mwanya wangu unaumwa?"

"Hauumwi. Ni mzima."

"Ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi, Daktari, huo waya unatibu nini?"

Daktari Mbelwa akashusha tochi. Akautazama mwanya. Akayatazama meno ya plasta. Akautazama tena mwanya.

Alikuwa mtu wa vipimo. Lakini mtu wa uongo hakuwa.

"Hautibu kitu," alisema. Masikio yake yalikuwa yamepata moto. "Kutwa nzima natafuta meno yenye kasoro. Nimezoea. Sasa naziona hata kwenye midomo mizima."

Akawageukia kina mama. "Nyinyi mnaona nini hapa?"

"Mwanya!" wakajibu wote.

"Na mwanya ni nini?"

"Ni uzuri! Daktari gani wewe, hujui uzuri?"

"Najua meno," alisema Daktari. "Uzuri, naona nimechelewa kuuliza." Akayarudisha meno ya plasta mkobani. "Fundi, mchore binti huyu."

Watoto wakaruka. "Yeeee!"

Lakini Tunu alikuwa hajamalizana naye. "Na waya?"

"Hakuna waya."

"Na jino la Pili?"

"Liacheni liiname linavyotaka."

"Na fizi za Shebe?"

"Zionekane! Ila Shebe, wewe twende ndani. Lako wewe ni tundu, na tundu ni ugonjwa."

"Aaah, Daktari! Na mimi si duka!"

"Duka gani? Hilo lako ni shimo! Twende!"

Wakaingia. Ko, ko, ko.

Nje, Fundi Chande akachovya brashi. Swaaa, swaaa. Akachora mashavu ya Tunu. Akachora macho yaliyofinyana kwa kicheko. Akachora meno mawili makubwa.

Katikati akaacha mwanya. Mwanya mpana kama mlango! Ungeweza kupita na baiskeli.

"Huo umezidi, fundi," alisema Mwalimu Nasra.

"Mwalimu, kitu kizuri hakipunjwi," alisema Fundi Chande.

Shebe akatoka. Shavu moja limevimba kwa dawa ya ganzi. Akautazama ukuta. Akacheka kwa upande mmoja tu wa mdomo. "Heh!"

Jioni Tunu alisimulia nyumbani. Alisimulia akila. Alisimulia akioga. Alipofika kwenye waya, Bibi akasimama na kijiko mkononi.

"Waya? Kwenye mwanya huu? Yuko wapi huyo daktari?"

"Tumeshamalizana, Bibi. Kaa ule."

"Ulimwambiaje?"

Tunu akapanda juu ya kigoda. Akashika kiuno. Na nyumba nzima ikasema pamoja naye, mpaka majirani wakasikia:

"Mwanya wangu si duka!
Haufungwi!"

Halafu ukafika wakati wa kulala. Tunu akajilaza kitandani. Hasira ilikuwa imeisha. Macho yakawa mazito.

Mama akafunga dirisha. Kwiii.

Mama akafunga pazia. Shwaa.

Mama akashusha chandarua, akakichomeka vizuri, pande zote.

Tunu alikuwa amelala, mdomo wazi, akipumua. Fyuu... fyuu... fyuu...

Mama akautazama mwanya. Akatabasamu.

Huo akauacha wazi.