Bastola Iliyolala Kihengeni

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mpunga Ambrosi alipofika kwa Mama Tereza, mwisho kabisa wa kijiji cha Kasansa. Ambrosi ni fundi pikipiki, mtu wa watu, ila alikuwa na uraibu wake: bastola ndogo za kizamani, zile za kutia mfukoni, ambazo wazee walirudi nazo kutoka vitani kama kumbukumbu. Wenzake hukusanya ng'ombe. Yeye alikusanya chuma chenye kutu na kukificha kwenye sanduku la karakana, huku akijua fika kwamba polisi wakilifungua hana la kusema. Leo alikuwa amekuja kuchukua nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo huku."

Mama Tereza alimpeleka kwenye kihenge cha mahindi, nje ya nyumba. Chini yake palikuwa na sahani ya ugali na dagaa. Ugali ulikuwa bado unafuka mvuke.

"Cha mbwa?" Ambrosi alitania.

"Cha mwenye bastola."

Mama Tereza akashusha sauti. Marehemu mumewe, Kasimiri, aliitoa bastola hiyo mfukoni mwa afisa aliyekufa katika vita vya Kagera. Aliporudi, wazee walimkataza kuingia nayo ndani. Silaha iliyotolewa kwa maiti hailali chini ya paa moja na watu. Mwenyewe, yule aliyekufa, huifuata. Basi hulishwa nje kila jioni, asije akatafuta chakula ndani.

"Kasimiri aliiingiza mara moja tu, mvua ilikuwa kubwa. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane."

"Ikawaje?"

Mama Tereza alitazama sahani. "Mkeo ni mjamzito, sivyo?"

Ndiyo. Mkewe, Josefina, alikuwa ameshapoteza mimba mbili, na hii ndiyo iliyofika mbali. Mtu mwenye akili angepanda pikipiki yake akaondoka mikono mitupu. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

"Italala karakana, mama. Na ugali nitampa."

Mama Tereza akaichomoa bastola kihengeni, akamkabidhi. Njiani pikipiki ilikuwa nzito. Shokapu za nyuma zililia kana kwamba amebeba abiria. Kisha ikaja harufu... koti lililoloa, tumbaku, na kitu kilichooza.

Ambrosi hakugeuka.

Karakana ilikuwa na mgeni. Askari polisi alikuwa ameketi kwenye benchi, pikipiki yake ina pancha, anasubiri fundi. Ambrosi akahisi bastola mfukoni, akampungia mkono, akapitiliza. Hakuona pa kwenda isipokuwa nyumbani. Dakika chache tu, alijiambia, niifiche kisha nirudi.

Josefina alikuwa amelala chali kitandani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mbona nimesikia buti?"

Aliinama, akaisukuma bastola uvunguni. Alipoinuka, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Ganzi ikapanda kiwiko, ikapanda bega, ikaenea kifuani bila maumivu yoyote.

Kitanda kikacheza kidogo, kutoka chini.

"Ambro..." Josefina alinong'ona. "Mtoto amenyamaza. Tangu umeingia."

"Amelala."

"Hajawahi kulala hivi. Lete mkono."

Akauchukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni. Ambrosi aliuona mkono ule ukiwa pale juu ya kitenge. Hakuhisi joto la ngozi, wala teke. Alijua anapaswa kuitoa bastola ile mbio, amwombe mwenye bastola radhi, ampikie ugali hata kwa mikono hii iliyokufa. Alijua pia kwamba anampenda mtoto huyu. Alijua tu, kama unavyojua jina la kijiji ambacho hujawahi kufika. Miguu haikutaka kwenda. Hata hofu haikuja.

"Anacheza?" Josefina aliuliza, machozi yanamtoka. "Niambie, anacheza?"

"Anacheza," alisema Ambrosi.

Uvunguni, mtu akacheua taratibu, kama aliyeshiba.