Sura ya Tano Haikuwa na Kasoro

"Baba, kitabu chako kimekwisha!"

Moyo ulinilipuka paa! Binti yangu aligeuza kompyuta ili nione, uso wote kicheko.

"Kimekwisha vipi? Mama Kurasa bado anakipanga."

"Mama wa watu amehangaika nacho vya kutosha. Nimemkabidhi msaidizi wa akili mnemba. Nimemuunganisha na programu ya kupanga kurasa. Anasoma maandishi, anapanga fomula na majedwali, anakagua, kisha anatoa faili tayari kwa kuchapwa. Nimekwenda kuosha vyombo, narudi nakuta kazi imeiva."

Kitabu chenyewe ni mwongozo wa ufundi wa pampu za maji, kazi iliyonilea. Fomula zake nilizisoma shule ya usiku, mikono ikinuka grisi, wala sikuona haya. Mama Kurasa, mjane aliyestaafu kiwanda cha uchapaji, ndiye aliyekuwa akinipangia. Kila alipokuja na kompyuta yake, tulikaa meza moja, tukabishana mpaka jua likapoa.

"Hodi wenyewe!"

Ndiye huyo.

"Shikamoo, mama," binti alimkimbilia. "Njoo uone! Kuanzia leo umepumzika."

"Marahaba, mwanangu."

Alivaa miwani, akainamia kioo, akapitisha macho ukurasa baada ya ukurasa. Alipomaliza, hakunitazama.

"Kazi safi. Hongera, Fundi. Kama nilikuchelewesha, ungeniambia tu."

"Mama Kurasa, mimi si..."

"Usijali. Mgeni hangoji kufagiliwa nje."

Akabeba mkoba wake, huyo akatoka. Nilipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Nikaandika: "Rudi tuzungumze."

Jibu lilikuja upesi: "Tuzungumze nini, na kazi imeisha? Kila la heri na kitabu."

Nilikaa chini kama gunia. Binti hakuwa na habari. Alikuwa bado anasoma kioo.

"Baba, kabla ya kukitoa kitabu msaidizi ana swali. Anasema, 'Nimelinganisha matoleo ya awali. Sura ya tano imerudishwa kurekebishwa mara nyingi, lakini maneno hayakubadilika hata moja. Pambizo tu, zile nafasi tupu za kandokando ya ukurasa, zilipanuliwa, kisha zikapunguzwa, kisha zikapanuliwa tena. Je, kuna sababu ninayopaswa kuizingatia?'"

Akanitazama. Mimi nikaitazama dari.

"Baba. Kuna sababu?"

"Hiyo mashine yako ina umbea."

"Jamani! Kumbe mzee wangu unapenda!"

"Punguza sauti, kuna majirani."

"Mapenzi kikohozi, Baba, na mashine ndiyo imekusikia ukikohoa!" Alicheka, halafu akajishika kichwa. "Mungu wangu, mimi ndiye nimemfukuza. Mfuate!"

"Mtu mzima mimi, nikimbie barabarani?"

"Basi tembea haraka."

Nilitembea haraka. Hata kofia sikuvaa, na mimi sitoki bila kofia.

Nilimkuta uani kwake, akianua nguo kwenye kamba.

"Umesahau nini, Fundi?"

"Sijasahau kitu. Sikumtuma binti. Alitaka kunifurahisha."

"Amefanya vyema. Kila siku unasema mafundi vijana wanakisubiri kitabu."

"Wavute subira. Mimi nimesubiri kuliko wao."

"Umesubiri nini?"

Nimeshuka visima virefu maishani mwangu bila kutetemeka, lakini pale nilishika kamba ya nguo kwanza.

"Sura ya tano haikuwa na kasoro," nilisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Fundi, nimepanga kurasa ujana wangu wote. Mtu akiniambia leo panua pambizo, kesho punguza, keshokutwa rudisha ilivyokuwa, huyo hana shida na pambizo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mwanamume anajificha nyuma ya kidole, mimi nimuumbue? Nilikuwa nakungoja utoke mwenyewe." Alikunja shuka taratibu. "Na nyumbani kwangu sina mtu wa kubishana naye. Kuta hazijibu. Leo nilipoona kazi imekwisha, nikajua umechoka kunibishia, ukaona aibu kunifukuza kwa mdomo wako."

"Nikuchoke wewe?"

"Nitajuaje? Unasema habari za pampu tu!"

"Basi leo nasema nyingine. Nakupenda. Nataka ukae nyumbani kwangu bila kazi yoyote mkononi. Nataka tuoane."

Shuka ilimponyoka.

"Umri huu?"

"Tumebakiwa na umri gani mwingine?"

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Nikaiokota shuka, nikashika ncha mbili, yeye akashika mbili, tukaikunja.

"Unakunja vibaya," alisema.

"Wewe ndiye unavuta upande."

"Unaona? Hata hujanioa umeanza."

"Umekubali?"

"Nimekwambia hujanioa bado. Kwa hiyo unioe."

Simu yangu ililia. Alikuwa binti. Kabla sijaipokea, Mama Kurasa aliichukua mkononi mwangu, akaitika.

"Mama? Samahani sana kwa yale ya leo," sauti ya binti ilisikika. "Yule msaidizi bado anangoja jibu la sura ya tano. Nimwambie nini?"

"Mwambie iko sawa, akitoe kitabu. Na baba yako usimngoje, mwanangu. Tuna ubishi wa kumaliza."