Nati ya Gari Namba Ishirini na Saba

Ujumbe uliingia saa sita na nusu mchana. Maneno manne tu.

Birika limechemka. Usilitoe motoni.

Rowena Tullidge aliusoma mara moja, akaufuta, akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa ovaroli. Kisha akaendelea kufuta plagi za gari lake la kale, Triumph, kwa kitambaa, kama fundi yeyote pale uwanjani. Chini ya spana zake, kwenye mkoba wa turubai, ililala bastola aina ya Walther. Sikioni alikuwa na kidude cha kuwasikilizia wenzake, kidogo kuliko punje ya mahindi, na kwenye kola kipaza sauti.

Maana ya ujumbe ilikuwa hii. Mzigo umeshaingizwa ndani ya gari. Usiliguse gari hilo mpaka anayeupokea mzigo ajitokeze.

Mzigo wenyewe ulikuwa kadi ya kuhifadhia kumbukumbu, ndogo kama ukucha wa mtoto. Ndani yake yalikuwamo majina kumi na moja ya wapelelezi wa Uingereza waliojificha katika nchi za watu. Kadi hiyo ikivuka bahari jioni ile, kufikia Jumatano watu hao wataanza kuokotwa mitaroni.

Na gari lenyewe liliegeshwa hatua kumi kutoka aliposimama.

Jaguar C-type. Rangi ya kijani kibichi, namba ishirini na saba imeandikwa ubavuni ndani ya duara jeupe. Yalitengenezwa hamsini na matatu tu kule Coventry, zamani za baba zetu, na ndugu zake walishinda mbio za Le Mans kule Ufaransa mwaka 1951 na mwaka 1953. Bati lake ni jepesi kama sufuria. Halina paa wala chuma cha kumkinga dereva kichwa. Wenyewe wanalipenda hivyohivyo, na kila mwaka wanaliingiza mashindanoni na kuliendesha kama lilivyoendeshwa zamani, maili mia na thelathini kwa saa, upepo usoni.

Hili lilikuwa la tajiri mmoja wa Antwerp, Ubelgiji. Limekuja kushindana, linarudi jioni kwa meli. Hakuna askari wa forodha anayethubutu kulifungua. Nani atabomoa kitu adimu namna hiyo duniani, kisa kutafuta asichokijua?

Dereva wake hakuwa mtu wa Antwerp. Alikuwa kijana wa hapohapo Hallowmere, Piers Ottaway, miaka ishirini na sita, fundi wa matrekta siku za kazi.

"Rowena," aliita, ameketi juu ya tairi, anatafuna mkate wa nyama ya nguruwe. "Hiyo Triumph yako inakohoa kama bibi yangu."

"Bibi yako akikupita kwenye kona usije kulia hapa."

"Nikipitwa na wewe nitavaa sketi mpaka Krismasi."

"Kanunue kabisa. Maduka yanafungwa mapema."

Piers alicheka. Alikuwa na pengo la jino la mbele, na kila akicheka alionekana mtoto.

Mama yake, Doreen, alikuwa nyuma ya meza ya kukunja akimimina chai kutoka kwenye chupa. Alikuwa mjane. Mumewe naye alishindana humuhumu, akafa kitandani kwa ugonjwa wa mapafu, si barabarani, na watu walisema ana bahati.

"Wewe unacheka tu," Doreen alimwambia mwanawe. "Mtu humjui, hujamwona hata uso, anakupa gari kama hili uliendeshe. Kwa lipi?"

"Mjomba Aubrey ndiye aliyenitafutia, mama. Mjomba anamjua."

"Haya. Kama Aubrey anamjua."

Hapo ndipo wazazi wengi tunapolala. Tunamuogopa mgeni. Yule tuliyemnywesha chai miaka thelathini tunampa mtoto amshike mkono.

Mjomba Aubrey hakuwa mjomba wa damu. Alikuwa Meja Aubrey Quennell, rafiki wa marehemu, mkaguzi mkuu wa chama chao cha magari ya kale. Mzee mrefu, koti la sufi, mvi zimechanwa. Gari haliingii barabarani Hallowmere mpaka Meja alipitishe. Ana nyundo yake ya shaba na kikopo cha rangi nyeupe.

Magari haya magurudumu yake hayafungwi kwa boliti tano kama ya siku hizi. Kila gurudumu lina nati moja tu katikati, kubwa, yenye masikio mawili. Unaigonga sikio kwa nyundo ya shaba mpaka ikaze. Kisha mkaguzi anachora mstari mweupe kutoka kwenye sikio mpaka kwenye gurudumu. Mstari ukikatika, nati imetembea.

Saa saba kasoro, Meja alikuja na nyundo yake.

"Simama, kijana. Babu anataka kuchungulia viatu vyako."

"Ulishavichungulia asubuhi, Mjomba."

"Asubuhi ni asubuhi. Umeshafanya mizunguko ya mazoezi."

Meja alichutama kwenye gurudumu la mbele la kulia. Mgongo wake ulilikinga. Lakini Rowena alikuwa amelala chini ya Triumph, na kutoka chini aliona kila kitu.

Aliona mstari mweupe.

Ulikuwa umekatika. Sikio la nati limeuacha kwa upana wa kidole.

Meja hakushtuka. Alichukua kitambaa chenye petroli, akaufuta mstari wa zamani. Akainua nyundo. Akaligonga sikio la juu mara tatu.

Kuelekea mbele ya gari.

Rowena aliishusha spana yake taratibu.

Baba yake alimfundisha akiwa na miaka tisa. Gari la Kiingereza la aina hii, upande wa kulia au wa kushoto, sikio la juu likigongwa kwenda nyuma nati inakaza. Likigongwa kwenda mbele, inafunguka. Hakuna mtu katika uwanja ule asiyelijua hilo. Wanalijua kama wanavyojua kuvaa viatu. Wazee wa Coventry walipanga hivyo makusudi, ili gari linavyokimbia nati isijifungue.

Meja alikuwa akiigonga kwenda mbele, na ilikuwa inakaza.

Alipokwenda kwenye gurudumu la mbele la kushoto, akafanya vilevile.

Rowena akaelewa yote mara moja. Huko Antwerp walizivua nati za mbele pamoja na vikombe vya chuma vinavyozishika, wakachimba tundu la kufichia kadi ndani ya nati moja. Waliporudisha, wakabadilisha. Cha kulia kushoto, cha kushoto kulia, na sasa mwendo wa gari ungezifungua nati badala ya kuzikaza. Vinaingia bila kulalamika, na hilo ndilo baya lake. Lilikuwa kosa la watu waliozoea magari ya kisasa.

Lakini Meja hakuwa mtu wa magari ya kisasa. Alilijua kosa. Alilijua tangu asubuhi. Na badala ya kulizuia gari, alichovya brashi yake na kuchora mstari mpya, mweupe, umenyooka.

Kwa nini? Kwa sababu gari likizuiwa, nati zitafunguliwa mbele ya watu. Na gari lisiposhindana, hati zake zitaulizwa bandarini.

"Tayari," Meja alisema, akampiga Piers begani. "Nenda kawaonyeshe. Baba yako angefurahi."

Rowena alitoka chini ya Triumph, akaenda nyuma ya lori la mafuta. Akabonyeza namba moja.

"Haddow," sauti ilisema. Mkuu wake, London.

"Aliyeingiza mzigo ni mkaguzi. Quennell. Nati ya mbele, mojawapo."

"Na mpokeaji?"

"Bado. Kuna mtu wa koti la kijivu kwenye lori la kubebea gari. Huenda ni yeye."

"Huenda hainitoshi. Subiri mpaka wakutane."

"Bwana, nati zimefungwa kinyume. Gurudumu litatoka njiani."

"Lini?"

"Sijui. Mzunguko wa tatu. Wa nane. Litatoka."

Rowena alisikia Haddow akivuta pumzi puani.

"Ukilisimamisha gari, Kijivu anaondoka, na hatutajua kadi ngapi nyingine zimeshapita. Wapo kumi na moja, Tullidge."

"Na huyu ni mmoja."

"Ndiyo," Haddow alisema. "Huyu ni mmoja."

Simu ikakatika.

Aliporudi, Doreen alikuwa amesimama kando ya Triumph na kikombe cha chai mkononi. Alimpa.

"Mwanangu, wewe ni fundi," alisema kwa sauti ya chini, Piers asisikie. "Niangalizie lile gari. Mara moja tu. Tangu asubuhi roho yangu haijakaa."

Rowena alikishika kikombe. Kilikuwa cha moto.

"Meja ameshalikagua, mama."

"Basi sawa," Doreen alisema. "Basi sawa. Mimi na wasiwasi wangu."

Saa nane kamili bendera iliangushwa.

Magari kumi na manane yalinguruma kwa pamoja. Aston Martin, Lister, Austin-Healey, na ile Jaguar ya kijani katikati. Moshi wa mafuta ya nyonyo ukatanda, ule utamu wake unaowaita wazee kutoka vijijini. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Mzunguko wa kwanza, Piers alikuwa wa sita.

Wa pili, nafasi ya nne.

Rowena aliiacha Triumph yake nje ya mashindano, akasimama kwenye ukuta wa njia ya matengenezo, darubini ya Zeiss machoni. Hakumtazama Piers. Aliitazama ile nati katikati ya gurudumu la mbele la kulia.

Wa tatu, nafasi ya tatu. Watu wakapiga makofi. Na Rowena akaliona gurudumu likicheza. Kidogo sana. Kama jino la mtoto.

Kumi na moja, alijiambia.

Kisha akaushusha mkono wenye darubini na kukimbia.

Kwenye mstari wa kuanzia palikuwa na mwanamke wa bendera, mnene, koti la mvua la chungwa. Rowena alimfikia akihema.

"Bendera nyeusi yenye duara la chungwa. Namba ishirini na saba."

"Ana nini?"

"Gurudumu la mbele. Mwite ndani."

"Amri hiyo lazima itoke kwa mkaguzi mkuu, bibie."

"Mkaguzi mkuu hatakupa. Inua."

Mwanamke alimtazama usoni. Hakuuliza tena. Akainua bendera na ubao wa namba.

Jaguar ilitoka kwenye kona, ikaja moja kwa moja, kelele ikiwapasua masikio. Piers aliiona bendera. Aliinua mkono wa kushoto, kiganja wazi. Nimeona. Alipunguza mwendo, lakini alikuwa ameshaipita njia ya kuingilia. Ilibidi azunguke mara moja zaidi.

Mzunguko mmoja tu.

Rowena aliusikiliza mlio wa injini ukienda mbali, ukipungua, ukirudi. Kijana alikuwa anaendesha taratibu, kwa heshima. Akafika kona ya mwisho, ile ya kanisani, ambapo uzito wote unalalia upande mmoja.

Nati ilitoka kwanza. Iling'aa hewani, ikatua majanini mbali. Gurudumu likafuata, likiruka peke yake kama mbuzi aliyefunguliwa. Pua ya gari ikachimba ardhi.

Jaguar ilipinduka mara mbili. Gari halikuwa na paa.

Uwanja mzima ulikimbilia kwenye gari. Madaktari, madereva, wauza mikate. Doreen alikimbia na chupa ya chai mkononi, hakujua kama ameishika.

Mtu mmoja tu hakukimbilia huko.

Meja Quennell alikuwa anakimbilia majanini.

Alikuwa amepiga magoti, mikono kwenye nyasi mbichi, anapapasa. Akaipata. Alipoinuka, mdomo wa Walther ulikuwa umbali wa hatua mbili.

"Iweke chini, Meja."

Alimtazama Rowena, ovaroli lake, bastola yake. Uso wake ulishuka kama hema lililokatwa kamba.

"Nilidhani zitashika," alisema. "Ni mizunguko kumi tu. Nilizikaza kwa mkono wangu."

"Kwenda mbele."

"Wapelelezi wao walinishika tangu nilipokuwa jeshini Berlin, nikiwa na umri wa yule kijana. Hawaachi. Ningefanyaje?"

"Ungemwambia gari bovu. Ungesema neno moja tu, mzee. Bovu."

Meja akaiacha nati ianguke. Rowena aliikanyaga kwa kiatu, akasema na kola yake.

"Kijivu?"

"Ameona ajali, anawasha lori," sauti ikajibu sikioni. "Anapiga simu, anasema hajui kama Quennell ameipata au hajaipata. Anamtaja kwa jina."

"Mmerekodi?"

"Neno kwa neno."

"Mchukueni."

Dakika moja. Kisha: "Tunaye."

Aliifungua nati kwa ncha ya kisu. Ndani ya grisi, kadi nyeusi, ndogo kama ukucha wa mtoto. Watu kumi na moja sasa wangefika Alhamisi wakiwa hai.

Piers Ottaway alifariki kabla helikopta haijatua.

Walimfunika kwa turubai la gari lake. Doreen alikaa chini kando yake, kwenye matope, na sketi yake nzuri. Alipowaona polisi wakimpitisha Meja na pingu, hakumtupia tusi. Alimtazama mikono tu, ile mikono yenye rangi nyeupe vidoleni.

Kisha akamwona Rowena na bastola kiunoni, na akaelewa kuwa hakuwa fundi.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, mama."

"Ulikuwa umeshajua?"

Angeweza kudanganya. Kazi yake ni kudanganya.

"Nilijua."

Doreen aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeambiwa saa. Akageuka kwa mwanawe na kuendelea kumfuta matope usoni kwa pindo la turubai.

Rowena alirudi kwenye Triumph. Alitembea bila haraka, mabega yamenyooka. Alirusha mkoba kiti cha nyuma, akatoa nyundo ya shaba. Akachutama kwenye gurudumu la kwanza, akaligonga sikio la juu kwenda nyuma mara tatu. Akaenda la pili. La tatu. La nne.

Gari lilikuwa halijatembea siku nzima. Nati hazikuwa zimelegea.

Kule kwenye matope, Doreen aliyahesabu mapigo ya nyundo, yote kumi na mawili. Kisha akasikia injini ikiwaka, ikikohoa, ikiondoka.