Mpishi Aliyefia Tanurini

Maiti ilikuwa imepiga magoti mbele ya tanuri la piza, kichwa kikiwa ndani. Harufu ya nyama iliyoungua ilikuwa imeshinda ile ya jibini. Inspekta Teodora alijiziba pua, akaingia.

"Mtoeni."

Koplo Seif na mwenzake walimlaza sakafuni. Uso haukutambulika tena. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na kando yake kulikuwa na beleshi la chuma la kutolea piza, limepinda, limetapakaa damu na nywele.

"Ni Maige, mpishi wangu," alisema Modesta, mwenye mgahawa, akiwa mlangoni. "Jumapili watu wakitoka misa hujaa hapa kula piza na tambi. Nilikuwa ukumbini nahudumia. Nikasikia kishindo, halafu ukelele."

"Alikuwa na nani jikoni?"

"Ng'washi tu, msaidizi wake."

Msichana huyo alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Hakungoja kuulizwa.

"Nimemuua mimi."

"Kwa nini?"

"Alinitukana."

Teodora alitungua beleshi jingine ukutani, akampa. "Nionyeshe ulivyompiga."

Vidole vilivyofungwa havikukunjika. Beleshi lilianguka kwa kishindo. Ng'washi akatupa jicho ukumbini. Wateja wote walikuwa wamekimbilia nje ila mzee mmoja, aliyekaa mbele ya sahani yake, amevaa koti zito kwenye joto lile la Kiseke.

"Yule ni nani?"

"Baba. Mzee Chenge. Amekuja kuona ninapofanya kazi."

Teodora alimwendea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Uliingia jikoni?"

"Hapana. Nilikuwa nakula."

"Naomba uvue koti."

"Nasikia baridi."

Jasho lilikuwa likimchuruzika shingoni. Seif alimvua. Shati lilikuwa na damu kifuani. Vinyweleo vya mikono yote miwili vilikuwa vimeungua, na ngozi imeanza kutoa malengelenge.

"Moto huu umekupata hapa mezani?"

Mzee aliificha mikono chini ya meza.

"Binti yako amekiri kuua, mzee. Nimtie pingu?"

"Mwacheni mwanangu!" Mzee Chenge alisimama, kiti kikaanguka. "Aliniambia aliungua kwa uji, nikaamini. Leo nimekwenda jikoni kumuaga, nikamkuta huyo mtu amemkamata mkono wa kushoto, anamvuta motoni. Anamwambia, 'Umeunguza tena piza? Nilikuchoma wa kulia, leo ni zamu ya huu.' Huku anacheka! Nikampiga. Alipoanguka nikampiga tena."

"Alikuwa amekufa ulipomwingiza kwenye tanuri?"

Mzee aliitazama mikono yake.

"Alikuwa anapumua."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka aonje."

Seif alimfunga pingu. Chuma kiligusa malengelenge. Mzee hakutoa hata sauti. Aliyepiga yowe ni Ng'washi.