Kurasa Mbili Zilizogandana

“Kaa,” Madam Josepha alisema. “Kisha nisomee mistari ya kwanza ya andiko hili.”

Ummy alikaa, akapokea karatasi, akasoma.

“‘Makoti arobaini ya baridi kutoka soko la mitumba la Mchikichini yatatundikwa katika chumba kimoja. Mgeni ataingia katikati yake, atatia mkono mfukoni, atatoa kitambaa kilichotariziwa shairi, atakisoma, atakirudisha.’”

“Andiko la nani?”

“Langu, madam.”

“Geuza uone jina.”

Jina lilikuwa la Evelyn, mwanafunzi mwenzake wa mwaka wa mwisho wa sanaa.

“Evelyn amewasilisha Jumatano, wewe Alhamisi,” Madam Josepha alisema. “Makoti yale yale. Vitabu vile vile vinne vya mashairi. Wasanii wale wale watatu: Ignasi mchora vibao, Fundi Mbaruku wa bitana, Bibi Moza anayetarizi foronya.”

“Hao watu niliwatafuta kwa miguu, madam. Miezi minne.”

“Sikatai, lakini sina uthibitisho. Jumatatu saa nne kamati inakaa. Mmoja wenu atafanya maonyesho, mwingine atarudia mwaka. Nani mwingine amelishika daftari lako la utafiti?”

Ummy aliangalia daftari mapajani mwake.

“Mtu mmoja. Mchumba wangu. Nilimwachia siku mbili nilipokwenda Bagamoyo kumuuguza shangazi.”

“Anafanya kazi gani?”

“Anauza zipu na vifungo Kariakoo.”

“Basi anza na muuza zipu.”

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili saa nne asubuhi mshenga wa Awadhi, muuza zipu huyo, alitarajiwa nyumbani kwa kina Ummy, Ilala, na barua ya posa. Kati ya posa na kamati kulikuwa na saa ishirini na nne kamili.

Evelyn alikuwa ameegemea ukuta kwenye ngazi, simu mkononi.

“Mambo, Ummy.”

“Bibi Moza anakaa wapi?”

“Unanihoji wewe au kamati?”

“Ni swali jepesi. Anakaa wapi?”

Evelyn aliiweka simu kwenye mkoba, taratibu.

“Kamuulize Awadhi wako mimi na yeye tunajuana vipi. Ukimaliza, ndiyo uje tuongee habari za Bibi Moza.”

Kutoka chuoni Posta mpaka mtaa wa Kongo, Kariakoo, Ummy alitembea kwa miguu, ili apate muda wa kupanga maswali. Alipofika dukani Awadhi alikuwa anampimia zipu mama mmoja mshonaji.

“Mke mtarajiwa huyo,” Awadhi alisema. “Karibu. Hesabu siku, zimebaki mbili.”

“Evelyn unamjua?”

“Yule wa darasani kwenu? Ananunua uzi hapa. Nyote mnanunua uzi hapa.”

“Daftari langu ulilifungua?”

“Hapana.”

“Fikiri kwanza.”

“Sijalifungua, Ummy. Lilikaa kwenye droo mpaka ulipolifuata. Kuna nini?”

Ummy aliweka daftari juu ya meza, akalifungua ukurasa wa kumi na tatu. Kipande cha bitana ya kijivu kilikuwa kimebanwa juu ya maandishi.

“Pini zangu zote zina vichwa vyeusi. Hii ina kichwa cha bluu. Mtu ametoa kitambaa ili asome kilichopo chini, akapoteza pini yangu, akaweka yake. Boksi la pini za bluu liko nyuma yako, rafu ya pili.”

Awadhi hakugeuka kulitazama. Mama mshonaji aligeuka, akaliona, akachukua mkoba wake.

“Kaka, zipu zangu nitazifuata kesho,” alisema. “Hapa leo pana kesi.”

Walipobaki wawili, Awadhi alisema kwa sauti ya chini, “Nipe mpaka Jumapili. Jumapili utaelewa.”

“Jumapili wazee wako wanaleta barua. Nielewe kabla ya barua au baada?”

“Pamoja na barua.”

“Ulimpa Evelyn?”

“Nimpe Evelyn nini? Hapana, Ummy. Wallahi hapana.”

“Dakika mbili zilizopita uliniambia hukulifungua. Nikiamini neno lako la pili, la kwanza nilipeleke wapi?”

Awadhi alianza kukunja zipu za yule mama.

“Mwambie mshenga asije,” Ummy alisema.

Saa kumi na mbili jioni simu yake iliita mara tatu. Hakupokea. Ukaja ujumbe wa Awadhi.

“Naomba unisikilize.”

“Andika, nitasoma,” Ummy alijibu.

“Si kitu cha kuandika. Ni kitu cha kuona.”

“Basi kilete.”

Jumamosi asubuhi mama yake alisimama mlangoni mwa chumba, sinia la mchele mkononi.

“Huu mchele nichague au niurudishe dukani?”

“Subiri kwanza, mama. Ameniongopea.”

“Baba yako aliniambia ana nyumba Temeke. Nilipombana akakiri ni kiwanja, akataja na ukubwa wake.”

“Ukafanya nini?”

“Nikaenda kukipima. Nilipoona ukubwa ni ule alioutaja, nikarudi nikakubali. Wewe umekwenda kupima au umekasirika tu?”

Kabla Ummy hajajibu, mtu alibisha hodi uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja wewe au mshenga?”

“Mimi, mama.”

“Posa haijaja na bwana harusi ameshafika. Kaa hapo kwenye benchi. Mlango utabaki wazi.”

Awadhi alikaa. Mkononi alikuwa na kifurushi cha karatasi ya dhahabu. Alimpa Ummy bila kukifungua. Ndani mlikuwa na kitabu kilichojalidiwa, jalada gumu la kijani, na juu yake herufi za dhahabu: *Utafiti wa Ummy*.

“Ulilalamika kwamba madam anakuonea kwa sababu ya mwandiko,” Awadhi alisema. “Nikapiga picha kila ukurasa, nikamtumia Amira wa steshenari, akachapa. Nilitaka kije Jumapili juu ya sinia, pamoja na barua. Ndiyo maana nikasema sijalifungua. Niliona uongo wa siku tatu si uongo.”

“Ni uongo.”

“Ni uongo. Nimekubali.”

“Steshenari ipi?”

“Ile ya pembeni ya duka letu.”

“Darasa zima tunaprinti pale. Faili liko wapi?”

Awadhi alifikiri, na uso ulimbadilika.

“Kwenye kompyuta yake. Pale mbele, wanapochomeka flashi. Limeandikwa jina lako.”

Ummy alifungua kitabu cha kijani akaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza, kidole kikifuata mstari. Kwenye habari za Fundi Mbaruku kidole kilisimama. Akarudia. Akarudia tena.

“Ulipiga picha kurasa zote?”

“Zote. Nilifunua moja baada ya moja.”

Alileta daftari lake, akalishika wima kwenye mwanga. Baada ya ukurasa wa ishirini na moja ulikuja wa ishirini na nne. Kati yake karatasi mbili zilikuwa zimegandana kama moja, na ukingoni palikuwa na doa jekundu. Alikumbuka siku ile. Bibi Moza alimpa ubuyu, akala huku anaandika, akalifunga daftari kabla ya kufuta vidole.

Awadhi alinyoosha mkono.

“Usiziguse,” Ummy alisema. “Ziache hivyo hivyo mpaka Jumatatu.”

“Zinasaidia?”

“Kama andiko la Evelyn limeruka kurasa hizi, limetoka kwenye faili lako. Lakini nikilitumia hili, itabidi useme mbele ya kamati kwamba ulipiga picha kazi ya mtu bila ruhusa, kisha ukaongopa.”

“Nitasema.”

“Na mshenga asije kesho. Sifanyi hivyo kwa hasira. Nataka kwanza nione utasema nini Jumatatu, mbele za watu.”

Kutoka jikoni mama aliuliza, “Mchele?”

“Urudi guniani, mama. Usirudi dukani.”

Jumatatu saa nne kamati ya watu watatu ilikaa, Madam Josepha katikati. Ummy na Evelyn waliketi ncha mbili za meza. Awadhi aliambiwa asubiri nje.

“Ummy, wewe ndiye mlalamikaji. Anza.”

“Naomba Evelyn asome andiko lake, sehemu ya wasanii, habari za Fundi Mbaruku.”

Evelyn aliinua mabega, akasoma kwa sauti ya kujiamini.

“‘Fundi Mbaruku amebadilisha bitana za makoti Mchikichini kwa miaka thelathini na moja. Nilipomuuliza alianzaje kupenda mashairi, alinieleza hivi: Shairi langu la kwanza nililitarizi nikiwa na mimba ya miezi saba. Mume wangu alikuwa Newala, na mimi sikuwa na mtu wa kuzungumza naye ila foronya—’”

Alirudisha macho mstari wa juu. Mjumbe wa kushoto alivua miwani.

“Rudia hapo kwenye mimba,” alisema.

“Ni kosa la uchapaji tu.”

“Uliongea naye mwenyewe?” Madam Josepha aliuliza.

“Ndiyo.”

“Ana kwa ana?”

“Ndiyo, madam.”

Madam alichukua orodha ya vyanzo ya Ummy, akapiga namba, akaweka simu mezani ikiwa na sauti kubwa.

“Fundi Mbaruku? Shikamoo. Napiga kutoka chuoni.”

“Marahaba, mwanangu. Kama ni lile koti, njoo saa saba.”

“Si koti. Kuna andiko hapa linasema ulitarizi shairi ukiwa na mimba ya miezi saba.”

Mlio wa cherehani ulikatika.

“Mwanangu,” fundi alisema, “nina watoto sita, lakini wote kawazaa mke wangu. Hiyo habari ya mimba ni ya Moza, mtarizi wa Ilala. Hata mimi alinisimulia. Nani kanipachika?”

“Kuna mwanafunzi anaitwa Evelyn, uliwahi kuongea naye?”

“Aliyekuja kwangu ni Ummy. Alikuja mara nne, mara zote aliuliza sana. Evelyn simjui.”

Madam alikata simu. Ummy alisogeza daftari mbele yake.

“Naomba utenganishe hizo kurasa mwenyewe.”

Madam aliingiza rula ya chuma katikati ya karatasi mbili, akaisukuma polepole. Ziliachana kwa mlio mdogo. Ukurasa wa ishirini na mbili ulikuwa na maneno ya Fundi Mbaruku. Wa ishirini na tatu ulimtambulisha Bibi Moza. Asiyeziona kurasa hizo angeunganisha utambulisho wa fundi na maneno ya bibi.

“Yule mchumba wake ndiye aliyenipa,” Evelyn alisema haraka. “Tuna mazoea yetu. Muulizeni.”

Ummy hakumtazama Evelyn. Alitazama mlango. Awadhi aliitwa, akaingia, akabaki amesimama.

“Ulimpa huyu binti kazi ya Ummy?”

“Hapana. Nilipiga picha daftari, nikampa mchapaji wa steshenari. Hiki hapa alichochapa. Ummy hakunipa ruhusa.”

Mjumbe wa kulia alilinganisha kitabu cha kijani na andiko la Evelyn. Mimba ilikuwa mahali pale pale.

“Ummy alipokuuliza, ulijibu nini?”

“Nilisema sijalifungua. Niliongopa.”

Madam alitaka kumruhusu aende, lakini Awadhi hakuondoka.

“Kuna jingine ambalo hamjaniuliza. Ijumaa aliponiambia nimwambie mshenga asije, niliona kabisa ana shida kubwa. Sikuuliza shida gani. Niliwaza zawadi yangu imeharibika. Shule yake sikuiwaza mpaka Jumamosi.”

Ummy aliandika sentensi hiyo ya mwisho pembezoni mwa daftari, pamoja na tarehe.

Kisha Awadhi akatoa simu na kusoma ujumbe aliotumiwa na Amira: “Kaka Awadhi, samahani sana. Yule dada mwembamba wa chuo alikuja Jumanne kuprinti. Aliniomba mkasi, nikaenda kuutafuta. Niliporudi alikuwa anachomoa flashi. Nakumbuka kwa sababu mkasi hakuutumia.”

Evelyn alifunika uso kwa viganja.

“Sikuwa na wazo lolote,” alisema baadaye. “Siku mbili zimebaki na mimi nina karatasi nyeupe. Lilikuwa pale, limeandikwa jina lake. Nilisema nitaangalia tu.”

“Na Awadhi?” Ummy aliuliza.

“Hatuna mazoea. Nanunua uzi.”

Evelyn alirudia mwaka. Ummy alipewa chumba cha ghorofa ya chini na wiki tano.

Katika wiki hizo Awadhi hakuja Ilala. Alituma vifungo alivyoagizwa, idadi sawasawa, na kila siku ujumbe mmoja, “Umeamkaje?” Ummy alijibu, “Salama.” Zaidi ya hapo hapakuandikwa kitu.

Siku ya maonyesho makoti arobaini yalining'inia kutoka darini, mazito, yakinuka dawa ya nondo. Watu walipita katikati wakitia mikono mifukoni. Bibi Moza alikalishwa kwenye kiti akiwaambia wageni mashairi yapi ni yake, na Fundi Mbaruku alisimama karibu naye.

“Nasikia mimba yangu umeibeba wewe,” Bibi Moza alimwambia.

“Nimeibeba mbele ya kamati nzima, dada,” fundi alijibu. “Na mtoto sijamuona.”

Awadhi alikuja saa tisa, na shati lililopigwa pasi.

“Nianze na lipi?”

“Ishirini na tatu,” Ummy alisema.

Lilikuwa koti jeusi la kiume. Awadhi alitia mkono katika mfuko wa ndani, akatoa kitambaa cheupe kilichobanwa kwa pini ya bluu. Maandishi yalikuwa ya uzi mwekundu, herufi ndogo zilizonyooka. Alisoma, akasoma tena, midomo ikitembea.

*Nimepima. Ukubwa ni ule ulioutaja. Jumapili, saa nne.*

Alikigeuza upande wa nyuma, akakigeuza tena.

“Hiki natakiwa kukirudisha mfukoni?”

“Utaratibu ni kurudisha. Kuna wengine wanasubiri.”

“Wakikisoma je?”

“Wasome. Jina lako halipo.”

Alikikunja, akakirudisha, akaipapasa pini kuhakikisha imekaa.

“Nimeisoma kazi yako, Ummy,” alisema. “Nakwambia mapema.”

“Safari hii nilikuruhusu.”

Jumapili mshenga alifika na barua. Alichelewa dakika kumi na mbili, Ummy alizihesabu. Mama yake alikuwa ameshaweka mchele jikoni tangu saa tatu.